Muuza genge naye aitwe

Mmeuliza wiki hii kama msomaji yuko tayari kuita watu kwake wakae waandike barua kwa wabunge kuhusu taka za plastiki. Mimi nauliza nani anaitwa, maana kukaa tu na kuandika sioni kama kunasaidia. Rambo, yaani mifuko ya plastiki ya kubebea, zimepigwa marufuku tangu Juni 1, 2019, ukikutwa nazo faini inaanzia shilingi 30,000, na bado masika yakianza nendeni Jangwani hapa Dar es Salaam mkaone mto Msimbazi umebeba nini.

Sisi huku bondeni tulishafanya. Tulikaa kibarazani kwangu Jumapili jioni, chai ya tangawizi na mihogo, mjumbe alikuwepo, vijana wa chuo wa nyumba ya pili, mama wa genge na kijana mmoja anayeokota makopo. Wale wa chuo walishaandika kabisa, eti plastiki zote zipigwe marufuku. Mama wa genge akawaambia sasa wanangu, nyanya za mia tano nimfungie mtu kwenye nini, mfuko mbadala nanunua kwa hela yangu na mteja hataki kuulipia. Ikawa kelele. Mjumbe anatuliza, chai inapoa, mwisho yule kijana wa makopo ambaye muda wote alikuwa kimya akasema chupa za maji hamzioni zimezagaa kwa sababu zina soko, yeye anaziuza kwa kilo, ila kandoro, vile vifuko vya maji, na vile vifungashio vyeupe hakuna anayenunua na ndo vinaziba mtaro. Hilo hakuna aliyekuwa analijua pale, hata wale wasomi. Tukachana karatasi tukaanza upya, mpaka adhana ya magharibi bado tunabishana sentensi ya pili.

Barua ikabaki na ombi moja: mbunge amuulize waziri, kanuni ziliruhusu vifungashio vya bidhaa za viwandani na vyakula, sasa vimegeuka kuwa ndo rambo mpya, vinauzwa kwa jumla Kariakoo mchana kweupe, kwa nini anayesumbuliwa awe mama wa genge na sio anayevitengeneza?

Jibu hatujapata. Nilianza kuandika hapa nikiwa nataka kusema hapana, lakini nikiikumbuka ile jioni naona nitaita tena, tena mapema kabla ya Bunge la bajeti mwezi wa nne ili mbunge aende Dodoma nayo mkononi. Ila kwa masharti. Muuzaji na muokota makopo wasipokuwepo mimi sipiki chai. Na nakala iende serikali ya mtaa siku hiyohiyo, maana mtaro wetu kuuzibua ni kazi ya halmashauri, hauhitaji kusubiri Bunge likae.