Nilipanda Toubkal kuchangia kakakuona: anza na swali la nani analipia safari

Mkuu, umesema umejiandikisha kupanda mlima nje ya nchi kuchangia uhifadhi wa wanyamapori, umebakiza miezi sita, hujawahi kuvuka mita 3,000, na unauliza uanze na mazoezi, vifaa au michango. Nimeipita njia hiyo. Nilipanda Toubkal kule Morocco, mita 4,167, mlima mrefu kuliko yote kaskazini mwa Afrika, kuchangia doria za kumlinda kakakuona. Ushauri wangu: anza na michango, na kabla ya mchango wa kwanza ujue nani analipia safari yako.

Waandaaji wengi wanakupangia kiwango cha chini cha kuchangisha, halafu sehemu ya pesa hiyohiyo inalipia tiketi yako, malazi na mwongozaji. Si wizi, huwa imeandikwa kwenye masharti. Mimi sikuyasoma. Watu kama thelathini walikuwa wameshanichangia siku mfanyakazi mwenzangu aliponiuliza, kwa upole kabisa: "Hela yangu inakwenda kwa mnyama au inakulipia wewe pa kulala?" Sikuwa na jibu. Usiku ule niliyasoma masharti mpaka mstari wa mwisho, kesho yake nikawaandikia waandaaji kwamba gharama zote za safari nitalipa mwenyewe na michango yote iende porini. Wakakubali. Ilinibidi nisogeze safari karibu mwaka mzima nijichange, na wale thelathini nikamwandikia kila mmoja kumweleza. Hakuna aliyedai arudishiwe.

Ukishalimaliza hilo, waulize shirika unalolichangia pesa inanunua nini. Mafuta ya gari la doria, posho za askari wa wanyamapori, redio za mawasiliano, kazi ya kung'oa mitego ya waya, hayo ni majibu. Ukijibiwa "kuhamasisha jamii" bila maelezo zaidi, endelea kuuliza mpaka uelewe.

Na unapoomba, mweke mnyama mbele. Mwanzoni nilikuwa naandika habari za mazoezi yangu, watu wakanipongeza wakapita. Nilipoanza kuwaeleza habari za kakakuona, mikono ikafunguka. Wako aina nane duniani, nne Afrika na nne Asia, na tangu 2017 biashara ya kimataifa ya aina zote nane imepigwa marufuku. Magamba yanayomfanya awindwe yameundwa kwa keratini, kitu kilekile kilichounda kucha zako. Akitishwa hujikunja akawa kama mpira, na simba anaweza kumgeuzageuza mpaka akachoka akamwacha. Ila kinga hiyohiyo ndiyo inayommaliza kwa binadamu: jangili hahitaji bunduki wala mbio, anainama, anamwokota, anamtia kwenye gunia. Mpaka leo nikilieleza hilo koo linanikaba.

Sasa mazoezi. Miezi sita inatosha kabisa. Nilikuwa napanda ngazi za jengo refu mara mbili kwa wiki, begi mgongoni, nikaanza na kilo nne nikafika nane, na mwisho wa wiki natembea mwendo mrefu, saa mbili mwanzoni, saa saba kuelekea mwishoni. Mwezi wa mwisho nilifanya siku mbili ndefu mfululizo, maana mlimani utaamka na miguu ya jana. Kosa ninaloliona kwa wengi ni kufikiria kupanda tu. Kinachovunja mapaja na magoti ni kushuka. Usitumie lifti kurudi chini. Shuka ngazi kwa miguu, taratibu, na begi lako. Viatu vinunue sasa, uvivae kwenye kila zoezi, na kucha za miguu uzikate fupi siku mbili kabla ya safari. Mimi sikuzikata. Kwenye mteremko kila hatua ilikuwa inazigonga kwenye ncha ya kiatu, na mbili zikageuka nyeusi.

Hapa kwenye mwinuko naomba usome polepole. Nguvu za mwili hazikukingi na ugonjwa wa mwinuko, ule unaoletwa na hewa nyepesi ya juu. Kwenye kundi letu alikuwepo kijana mkimbiaji, mwepesi kuliko sisi sote. Njia ya Toubkal inaanzia kijiji cha Imlil, kama mita 1,740, na wengi wanalala siku hiyohiyo kwenye kibanda cha wapandaji kilichopo mita 3,207. Jioni ile aligusa chakula akakisukuma, akasema kichwa kinampasuka, usiku akatapika. Mwongozaji hakubishana naye. Alfajiri alimkabidhi kwa mwenzake wakashuka, na alipofika chini akawa mzima. Mimi pia kichwa kiliniuma, lakini kwa wastani, na nilikuwa nimelipia usiku wa ziada palepale kibandani. Ule usiku mmoja ndio ulionifikisha kileleni.

Kanuni ni kwamba ukishavuka mita 3,000, mahali pa kulala pasipande zaidi ya mita 500 kwa siku, na kila baada ya siku tatu au nne uwe na siku ya kupumzika. Ratiba fupi ni rahisi kwa mfuko lakini inapita juu ya kanuni hiyo. Ukiona mtu anayumba na hawezi kutembea kwenye mstari ulionyooka, au anahema akiwa ameketi tu, huyo ashushwe hapohapo, hata kama ni usiku. Ipo dawa ya asetazolamaidi inayosaidia mwili kuzoea. Mwone daktari mapema, na umwambie kama una mzio wa dawa za salfa. Bima nayo uisome kipengele cha urefu, kwa sababu nyingi zina kikomo cha mita, na uhakikishe inalipia uokoaji.

Jambo jingine ambalo halizungumzwi sana: mizigo. Kule Atlasi, safu ya milima ya Morocco alimo Toubkal, inabebwa na baghala, milima mingine na wapagazi. Sisi tunaokwenda kwa jina la wanyama hatuwezi kufumba macho hapo. Asubuhi ya kwanza nilimwomba mwenye baghala anionyeshe mgongo wa mnyama wake chini ya tandiko. Ulikuwa safi, hauna kidonda. Nilipunguza begi langu hata hivyo. Kwa wapagazi, uliza wanalipwa nini, wanalala wapi na wana nguo za baridi kiasi gani, na uliza kabla ya kulipa.

Siku ya kilele tuliondoka gizani, tochi kichwani, kwenye kokoto zinazoteleza, unapanda hatua mbili unarudi moja. Betri za akiba weka mfuko wa ndani karibu na mwili, baridi inazimaliza haraka. Juu kuna mnara wa chuma wa pembe tatu. Nilikuwa nimebeba kitambaa chenye majina ya wote walionichangia, nimeyaandika kwa mkono. Upepo ulikuwa mkali, mwongozaji akashika ncha moja nami nyingine, nikayasoma yote kwa sauti.

Weka hapa jina la mlima wako na ratiba waliyokupa, siku kwa siku na urefu wa kila mahali pa kulala. Nitaipitia.