Mbwa wa Jirani Kamng'ata Mwanangu: Je, Kweli Mnyama Hana Fidia?

SWALI: Asalamu alaykum Sheikh. Mimi ni mjane, nauza dagaa mwaloni Kirumba, Mwanza. Jirani yetu hapa Mabatini humfungulia mbwa wake usiku kucha. Jana amemng'ata mwanangu wa miaka 9 mguuni, njiani akienda kuswali Alfajiri, naye ni mtu wa tatu. Jirani ni Muislamu, anasema Mtume kasema jeraha la mnyama halina fidia. Shemeji kamsugua mtoto jeraha kwa udongo mara saba. Nami nataka kumtegea mbwa sumu. Nifanye nini?

JIBU: Wa alaykumu salaam, dada yangu. Tuanze na mtoto. Kama hajachomwa sindano, mpeleke hospitali leo, usingoje jirani atoe hela. Hadithi ya kuosha mara saba, mojawapo kwa udongo, imekuja kwa chombo alichoramba mbwa. Wanazuoni wetu wa Kishafii wameipeleka hadi kwenye mwili na nguo, lakini jeraha bichi si sufuria: udongo unaweza kulitia pepopunda. Lioshe tena kwa sabuni na maji yanayotiririka, dakika 15 kamili. Kirusi cha kichaa cha mbwa kina utando wa mafuta, na sabuni huuvunja. Usitie pilipili wala majivu. Mwambie daktari jino limetoboa ngozi, maana huenda akahitaji na dawa ya kinga inayodungwa kuzunguka jeraha. Chanjo huanza siku hiyohiyo, kisha siku ya 3, ya 7, na zaidi akipangiwa. Wengi huacha katikati kwa kuona kidonda kimekauka. Kichaa hujificha wiki hata miezi, na dalili zikishatoka mgonjwa haponi.

Sumu, hapana. Mbwa akiwa hai huangaliwa siku 10. Akibaki mzima, daktari hupata la kuamua. Akifa, afisa mifugo huhitaji kichwa chake ili ubongo upimwe. Na nyama ya sumu haichagui: italiwa na paka wa mtu, na makorongo, au itaokotwa na mtoto mwingine.

Sasa jirani. Hadithi anayoitaja ni sahihi, imo kwa Bukhari na Muslim. Lakini ameikata. Inamhusu mnyama aliyedhuru bila mwenyewe kuzembea. Ngamia wa Sahaba al-Bara bin Azib alipoingia shamba la watu akaharibu, Mtume (s.a.w.) alihukumu kuwa wenye mashamba wayalinde mchana, na kinachoharibiwa na mifugo usiku kiwe juu ya wenye mifugo. Kama mnyama hana fidia kabisa, hukumu hii imetoka wapi? Na mbwa huyu kafunguliwa usiku, kwa makusudi! Mwanazuoni wa Kihanbali Ibn Qudama, katika kitabu chake al-Mughni, ameliweka wazi: anayefuga mbwa mng'ataji akamwachia, akajeruhi mtu usiku au mchana, analipa kwa sababu amezembea, isipokuwa aliyejeruhiwa aliingia nyumbani kwake bila idhini. Mwanao alikuwa njia ya watu, anakwenda msikitini. Tena mbwa mng'ataji ni katika wale wanyama watano walioruhusiwa kuuawa hata ndani ya Haram ya Makka. Vipi aachiwe huru Mabatini? Kumtaja Mtume ili kukwepa risiti ya hospitali ni jambo zito mno, na amche Allah.

Kufuga mbwa wa ulinzi si tatizo, wezi wapo. Lakini ukuta mfupi kwenye mawe yale ya Mabatini hausaidii, mbwa hupanda jiwe akaruka. Mnyororo mfupi kutwa nzima nao humzidishia ukali. Avute waya kati ya nguzo mbili, mnyororo uteleze juu yake, uishie mbali na njia na geti. Na achanjwe kila mwaka.

Weka risiti zote, za sindano na za nauli. Nenda kwake na wazee wawili wa msikiti, na mmoja wa wale waliong'atwa kabla. Akikataa, nenda kwa mtendaji wa mtaa na afisa mifugo. Kumshitaki si kuvunja ujirani. Hata sheria ya nchi, Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, inamtia hatiani anayezembea mnyama wake wa hatari. Hatima ya mbwa waamue wao, si wewe gizani.

Mtoto hajabaleghe, hana dhambi kukosa swala ya jamaa. Aswali nyumbani nawe mpaka mbwa afungwe, na akiogopa kutoka hata mchana, usimkaripie.