Shanta Langu Lilipopungua Kilo Tisa: Kwa Wenzangu Wanaorudi Mlimani Ukubwani

Wiki iliyopita nilipokea ujumbe wa msomaji mmoja, mama wa miaka 54 anayeishi Dodoma, ambaye alipanda milima alipokuwa chuoni na sasa, watoto wake wakiwa wameanza kujitegemea, anatamani kurudi. Aliandika hivi: "Shikamoo kaka. Ninunue begi gani, na viatu gani?" Nilikusudia kumjibu kwa mistari miwili, lakini kalamu ilikataa kusimama, kwa kuwa swali hilo ndilo nililopaswa kujiuliza mwenyewe mwaka 2024 kabla sijaumia.

Mimi ni mtoto wa JKT, Jeshi la Kujenga Taifa, ya miaka ya themanini. Mwaka 1985 nilikabidhiwa shanta, yaani begi la mgongoni, la turubai, nikafundishwa kwamba mzigo haulalamikiwi, na fundisho hilo likaniingia kwenye mifupa. Mwaka 1988, nikiwa kijana wa miaka 24, nilipanda Mlima Meru na wenzangu watatu tukiwa tumebeba kila kitu tulichokuwa nacho, tukafika kileleni, tukarudi tukiimba. Baada ya hapo ilikuja miaka mingi ya chaki, ada za watoto na ujenzi wa nyumba, ambayo sina sababu ya kuisimulia kwa sababu kila mtu wa rika langu anaifahamu. Nilipostaafu nikiwa na miaka 60, jambo la kwanza nililolifanya lilikuwa kushusha shanta la zamani kutoka darini.

Safari ya kwanza ilikuwa Usambara, kutoka Lushoto hadi Mtae kupitia Lukozi na Rangwi, mwendo wa siku tatu. Tulikuwa watu sita, na mimi nilikuwa mkubwa kwa umri kuliko wote. Tulijua tangu mwanzo kwamba tutalala katika nyumba za wageni zenye vitanda na mashuka, na bado nilibeba fuko la kulalia, na juu yake blanketi, eti ikiwa kutatokea dharura. Siku ya kwanza nilitembea vizuri. Siku ya pili bega la kushoto lilianza kuwaka. Siku ya tatu, tukiwa kwenye mteremko na milima ya Mtae inaonekana mbele yetu, goti la kulia lilijifunga kama bawaba iliyoshika kutu, na nikakaa chini kando ya shamba la kabichi nikiwa siwezi kulikunja wala kulinyoosha. Kijana mmoja katika kundi letu alichukua shanta langu, akalipima kwa mkono, akawaambia wenzake kwa sauti ambayo alidhani siisikii, "Mlima una wenyewe." Nilimalizia safari kwenye bodaboda.

Maneno yale yaliniuma kuliko goti, na nakiri kwamba hadi leo yananiuma. Nilipokuwa nimekaa pale nilikumbuka kwamba tangu Lushoto wenzangu walikuwa wakiniambia, "Mwalimu, si mzito huo, twende," na nikauelewa upya ule usemi wa wahenga kwamba mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Hakuna mtu awezaye kukupimia mzigo wako isipokuwa mgongo wako mwenyewe na mizani.

Hapo ndipo ushauri wangu unapoanzia: pima. Niliporudi Moshi, mke wangu alinipa mizani yake ndogo ya jikoni, ile anayopimia unga wa keki, na kwa vitu vikubwa nikaazima mizani ya kuning'iniza kwa jirani anayeuza samaki. Nilitandika mkeka sebuleni, nikatoa kila kitu kilichokuwa ndani ya shanta, nikakipima kimoja kimoja na kuandika kwenye daftari la shule. Shanta lenyewe, likiwa tupu, na fremu yake ya chuma, lilikuwa na kilo 2.9. Fuko la kulalia kilo 2.6. Blanketi kilo 1.4. Suruali mbili za jinzi kilo 1.5. Vitu vinne hivyo peke yake ni kilo 8.4, na mzigo wote ulikuwa kilo 17.2. Nilikaa nikaiangalia ile karatasi kwa muda mrefu, kwa kuwa karibu nusu ya mzigo ulioniangusha Usambara sikuwa nimeutumia hata mara moja, ukiondoa shanta ambalo kazi yake ilikuwa kubeba hivyo vingine.

Ndugu zangu, watu wengi wakisikia habari ya vifaa vyepesi huanza kukata mpini wa mswaki na kuhesabu soksi. Hiyo ni kazi ya kupoteza muda kama hujagusa vitu vikubwa. Anza na shanta, malazi na viatu, kwa sababu hapo ndipo kilo zinapojificha, na ukishaviweka sawa hivyo vitatu utaona kwamba mengine yanajirekebisha yenyewe.

Shanta ninalotumia sasa lina ujazo wa lita 45 na uzito wa kilo 1.2. Sikulichagua kwa rangi wala kwa jina, nililichagua kwa urefu wa mgongo wangu na kwa mkanda wa kiunoni, kwani mkanda huo ukikaa sawasawa juu ya mifupa ya nyonga, sehemu kubwa ya mzigo inahama kutoka mabegani kwenda kwenye nyonga na miguu. Kabla ya kulipeleka mlimani nilitia ndani yake kilo nane za mchele, nikawa napandisha asubuhi kwa asubuhi barabara ya kutoka Kiboriloni kuelekea Kidia. Wanafunzi wangu wa zamani, ambao sasa wanaendesha bodaboda, walikuwa wakisimama na kunisalimu, "Shikamoo mwalimu, panda nikusogeze," nami nikiwaitikia marahaba na kuendelea na safari yangu kwa miguu. Baada ya wiki sita nilijua kila mshono wa lile shanta unagusa wapi.

Kuhusu fuko la kulalia, nawasihi msinunue kwa haraka. Hapa Moshi na kule Arusha vifaa vya wapanda milima vinakodishwa, na unaweza kulala ndani ya fuko la aina fulani usiku mbili tatu kabla ya kutoa fedha yako ya kiinua mgongo. Nilikodi mawili, kisha nikanunua moja la manyoya ya bata lenye kilo 1.1. Manyoya hayo yanahifadhi joto kwa uzito mdogo, lakini yakilowa yanashikana na kupoteza joto karibu lote, kwa hiyo fuko langu halikai nje ya mfuko usiopitisha maji hata jua likiwaka. Jinzi niliziacha nyumbani kwa sababu hiyo hiyo ya maji: pamba inanyonya jasho na mvua, inakuwa nzito na kukupoza mwili, wakati sufu inaendelea kukutia joto hata ikiwa na unyevu. Sweta langu la sufu nililipata kwenye mitumba ya Soko la Memorial, na sijaona la dukani linalolishinda.

Viatu vilinisumbua zaidi. Buti zangu za ngozi zilikuwa na kilo 1.9 kwa jozi, na uzito ulioko mguuni unainuliwa upya kwa kila hatua unayopiga. Ningeweza kuchukua raba za shingo fupi zenye gramu 700, lakini sehemu ya juu ya Meru ni majivu na kokoto za volkano zinazoingia ndani ya kiatu, na mtu wa umri wangu hapendi kusimama kila baada ya dakika kumi kukung'uta. Nilichukua viatu vyepesi vinavyofunika kifundo, kilo moja kwa jozi. Nikaongeza fimbo mbili za alumini zinazokunjika. Huo ni uzito niliouongeza kwa hiari yangu, kwa kuwa kwenye mteremko fimbo hizo zinalipunguzia goti kazi, na goti langu lilikuwa limeshasema neno lake Usambara.

Sikiliza vizuri hapa, wewe uliyevuka hamsini. Wepesi usigeuke kuwa ujinga. Kadiri tunavyozeeka mwili unazidi kushindwa kujitunzia joto, na hata kiu inachelewa kutujulisha kwamba tunahitaji maji. Lita moja ya maji ni kilo moja, nami nabeba tatu. Dawa zangu za presha, koti zito la usiku, glavu na tochi ya kichwani yenye betri za akiba havimo katika mjadala wa kupunguza. Punguza kile ulichobeba kwa hofu au kwa mazoea, kisha nafasi hiyo uipe afya yako. Vijana wanaoshindana nani ana begi jepesi zaidi waache washindane, wana damu ya kuwapasha moto.

Mwezi Februari mwaka huu nilirudi Meru. Chakula na vyombo vilibebwa na wapagazi, na vibandani kuna vitanda na magodoro, hivyo sikuhitaji hema. Lakini mzigo wangu binafsi niliubeba mwenyewe kutoka geti la Momella, kilo 7.9 pamoja na maji. Tulilala kibanda cha Miriakamba, kisha cha Saddle, mita 3,570 juu ya usawa wa bahari, na kabla sijalala usiku huo nilinyoosha goti langu ndani ya fuko na kulisikiliza. Lilikuwa kimya. Tuliondoka usiku wa manane tukimfuata askari wa hifadhi, na jua lilipochomoza nyuma ya Kilimanjaro nilikuwa bado napanda, polepole, nikipumua. Kileleni, mita 4,566, nilifika wa mwisho katika kundi letu. Siku hiyo hiyo tuliteremka hadi Miriakamba, zaidi ya mita 2,000 kwenda chini, na hiyo ndiyo siku niliyoiogopa kwa mwaka mzima na zaidi. Nilifika kwa miguu yangu, shanta likiwa mgongoni mwangu.

Kwa hiyo, dada yangu wa Dodoma, siwezi kukutajia begi bila kuujua mgongo ambao litakaa. Azima mizani, tandika mkeka, pima kila kitu ulicho nacho hata kile unachokionea haya, kisha mwombe mtu akupime kwa futi ya fundi cherehani kutoka mfupa unaochomoza chini ya shingo hadi usawa wa juu wa nyonga. Nitumie orodha hiyo pamoja na kipimo cha mgongo, nami nitaisoma yote. Fimbo utaazima zangu, kwani sitapanda tena hadi masika yaishe.