Mdoli anayefanana na kichanga: mkague kwanza

Dada, umeuliza kama umpe binti yako wa miaka miwili na nusu mdoli aliyeletewa na shangazi yake kutoka Marekani, yule anayefanana kabisa na mtoto mchanga, ilhali mama mkwe anasema anatisha.

Kwanza jua ni wa aina gani. Wadoli hawa walianza kutengenezwa na mafundi wa Marekani miaka ya 1990, kwa ajili ya watu wazima wanaowakusanya. Ngozi ya vinili hupakwa rangi tabaka kwa tabaka, nywele hupandikizwa kidogo kidogo, na tumboni hutiwa punje za kioo au plastiki ili awe mzito kama kichanga. Wengine wana sumaku mdomoni ya kushikilia chuchu bandia. Hapo mimi nakataa kabisa: mtoto akimeza sumaku mbili, zinaweza kuvutana tumboni na kutoboa utumbo. Punje nazo zinaweza kumkaba. Kama ndiye huyo, mweke kabatini juu.

Kama ni wa kuchezea kweli, laini, mshono imara, macho hayang'oki, na boksi linaruhusu umri wake, mpe. Atajifunza kubeba, kulisha na kubembeleza (wavulana pia wapewe, tafadhali). Ila mkipata kichanga wa kweli, usimwache binti naye peke yake. Mdoli amezoea kuburutwa mguu.

Na mama mkwe usibishane naye. Mtazame mtoto mwenyewe: akimkwepa mdoli au akilia, mwondoe bila kumlazimisha, umjaribishe tena baada ya miezi kadhaa.