Bloa ya mgongoni: ipime kwa mabega kabla ya kuipima kwa namba

Anayesafisha uwanja wake mwenyewe siku ya mapumziko anaweza kununua karibu bloa yoyote, yaani mashine ya kupulizia majani, akaridhika. Sisi tunaoivaa asubuhi na kuivua jioni hesabu zetu ni nyingine. Uzito wake unaubeba wewe, mtetemo wake unaishia mkononi mwako, kelele yake inaingia sikioni mwako, na ikigoma kuwaka, kazi ya siku imelala. Kwa hiyo mtu akiniuliza anunue ipi, humjibu hivi: kwanza tazama mabega yako, pili tazama fundi aliye karibu nawe, kisha ndipo usome namba za kwenye boksi. Wengi huanza na namba, tena huanza na ile iliyo kubwa kuliko zote.

Hata hivyo namba lazima uzielewe, maana muuzaji atakumwagia nyingi. Mbili huandikwa kwa herufi kubwa: ujazo wa hewa na kasi ya hewa. Ujazo ndio unaosogeza rundo. Kasi ndiyo inayobandua jani bichi lililonata sakafuni. Bomba lenye mdomo mwembamba linaweza kutoa kasi ya kutisha kwa hewa kidogo, likabandua jani mojamoja huku rundo lenyewe limekaa palepale.

Tena namba hizo mbili mara nyingi hupimwa katika hali mbili tofauti. Ujazo ule mkubwa huwa umepimwa hewa inapotoka kwenye feni, bomba likiwa halijafungwa. Kasi ile kubwa hupimwa mwisho wa bomba, tena kwa mdomo mwembamba. Ukiwa kazini huvipati vyote viwili kwa wakati mmoja. Ndiyo maana mimi hutafuta namba ya tatu, ambayo aghalabu huandikwa kwa herufi ndogo: nguvu ya kupuliza kwa nyutoni, kipimo cha msukumo. Hiyo hupimwa mdomoni mwa bomba, na ndani yake mna ujazo na kasi kwa pamoja.

Unaweza hata kuwakagua watengenezaji wa mashine kwa kikokotoo cha simu. Mita moja ya ujazo ya hewa ina uzito wa takriban kilo 1.2. Tuseme karatasi inadai mita za ujazo 1,500 kwa saa na kasi ya mita 80 kwa sekunde. Gawa 1,500 kwa 3,600, zidisha kwa 1.2, utapata nusu kilo ya hewa kila sekunde. Zidisha kwa 80: nyutoni 40. Sasa kama karatasi hiyohiyo inasema nguvu ya kupuliza ni nyutoni 28, umejua kwamba zile namba mbili za juu hazikupimwa pamoja. Kwa anayesoma karatasi za Kimarekani, futi moja ya ujazo kwa dakika ni kama mita za ujazo 1.7 kwa saa, na maili 100 kwa saa ni karibu mita 45 kwa sekunde.

Unahitaji nyutoni ngapi? Kwa bustani za nyumba, zenye vitalu vya maua, njia za mawe na kona nyingi, mimi huridhika na ishirini na kitu. Kwa mchanganyiko wa nyumba, ofisi na viwanja vya shule, karibu 30. Zaidi ya 40 ni za maegesho makubwa, viwanja vya michezo na majani mengi yaliyolowa. Hapo ndipo zinapoingia mashine kama Stihl BR 800 na Echo PB-9010T, zote mbili zenye injini ya cc 79.9. Husqvarna 580BTS ina cc 75.6, na Stihl BR 600 ambayo wengi huianzia ina cc 64.8. Nguvu iliyozidi ina hasara zake. Ukiiwasha karibu na kitalu chenye matandazo, utatumia muda kurudisha ulichokipeperusha. Kwenye changarawe ni hatari kabisa, kwa sababu jiwe dogo likipata upepo huo halichagui kati ya kioo cha gari na jicho la mpita njia. Nawe utasema utaishikilia kwa mafuta kidogo, sawa, lakini bado umeubeba uzito wote.

Na uzito wenyewe husomwa vibaya. Kilo 10 au 11 zinazoandikwa ni za mashine kavu. Lita moja ya petroli ina kama robo tatu ya kilo, kwa hiyo tangi la lita mbili likijaa linakuongezea kilo moja na nusu. Halafu kuna jambo ambalo sijawahi kusikia muuzaji akilitaja: upepo unaosukuma majani mbele unakusukuma wewe nyuma kwa nguvu ileile. Nyutoni 40 ni kama kilo nne zinazotaka kuupeleka mkono wako nyuma na pembeni, dakika baada ya dakika. Zipo mashine ambazo bomba lake limeunganishwa kwa namna inayolifanya litulie lenyewe hata ukipiga resi hadi mwisho, na zipo zinazokufanya ushindane nalo siku nzima. Tofauti hiyo haionekani kwenye karatasi yoyote. Inaonekana mkononi tu.

Basi ivae kabla ya kulipa. Dai iwekwe mafuta, ijae, iwashwe. Muuzaji mzuri hatakataa, na akikataa nenda kwingine. Kaza mkanda wa kiunoni kwanza, kisha wa mabegani, kisha wa kifuani. Uzito mwingi ukae nyongani, mabega yawe ya kuizuia isiyumbe tu. Kama mkanda wa kiunoni haupo, au unauzwa kando, hesabu hiyo kuwa sehemu ya bei. Tembea. Inama uokote kitu. Geuka ghafla kushoto na kulia. Sikiliza kama injini inanyonya shati lako, kwa maana baadhi ya mashine huvuta hewa upande wa mgongoni, na koti la mvua likiingia pale upepo unakatika. Tazama kama mdomo wa bomba unafika karibu na ardhi bila kukunja kifundo cha mkono. Mtu mrefu akipewa bomba fupi huinama bila kujua, na kiuno ndicho kitakachomjulisha wiki ijayo.

Mpini wa mafuta, yaani wa kuongeza na kupunguza nguvu ya injini, upo wa aina mbili: ulio kwenye bomba lenyewe, na ulio kwenye mkono wa chuma pembeni mwa nyonga. Mimi nipo upande wa ule wa kwenye bomba, maana mkono wa pili unabaki huru kusukuma geti au kusogeza kiti. Wenzangu waliozoea ule wa nyonga hawashawishiki, na siwagombezi. La lazima ni kidude cha kushikilia mafuta mahali pamoja, vidole visikae vimebana saa nzima. Anayetumia mkono wa kushoto ajue mapema kwamba karibu zote zimetengenezwa kwa ajili ya mkono wa kulia.

Sasa injini. Nyingi ni za mipigo miwili na hunywa petroli iliyochanganywa na oili. Stihl BR 600 na BR 800 zina injini waliyoiita 4-MIX: ina valvu kama injini ya mipigo minne lakini bado hutumia mchanganyiko, na valvu hizo huhitaji kurekebishwa nafasi zake baada ya muda. Muulize fundi wako kama huifanya kazi hiyo. Makita wana injini ya mipigo minne yenye oili yake kando, kwa hiyo hakuna kuchanganya, ila kuna kubadilisha oili.

Kwa mashine zilizotengenezwa kwa soko la Marekani kuna siri ndogo iliyobandikwa kwenye injini. Kibandiko cha EPA, mamlaka yao ya mazingira, hutaja saa ambazo injini imethibitishwa kubaki ndani ya viwango vya moshi: 50, 125 au 300. Huo si umri wa injini, lakini unakuonyesha mtengenezaji aliikusudia kazi gani. Yenye 50 ni ya mtu wa Jumamosi. Mimi siangalii chini ya 300.

Mchanganyiko wa kawaida ni 50 kwa 1, yaani mililita 100 za oili kwa lita 5 za petroli, ila kitabu cha mashine ndicho kinachotawala. Usikadirie kwa macho. Petroli yenye ethanoli huvuta unyevu, na ikikaa mwezi kwenye tangi huanza kuziba kabureta, kwa hiyo changanya ya kutosha wiki moja au mbili, na mashine inayokwenda kupumzika imwagwe mafuta kabisa. Ukiona imepoteza nguvu polepole ilhali plagi na filta ni safi, mwambie fundi afungue ekzosi atazame wavu wa kuzuia cheche. Mara nyingi umezibwa na masizi tu, na watu huambiwa wabadilishe injini.

Hapo kwenye fundi ningependa ukae kidogo. Bloa hufa kwa vitu vidogo: filta ya hewa, plagi, kamba ya kuwashia, mpira wa mafuta, kiwambo cha kabureta. Kabla ya kulipa, taja hivyo vitano na umwombe muuzaji akuonyeshe, vikiwa rafuni, vya modeli hiyohiyo. Kama jibu ni "tunaagiza", jiulize utakula nini wakati vinakuja. Mashine ya daraja la pili yenye spea dukani inanishinda mimi kuiacha, hata nikiwekewa pembeni ile yenye sifa zote ambayo fundi wa mtaani hajawahi kuifungua. Soma pia dhamana hadi mwisho: kampuni nyingi hutoa muda mrefu kwa mtumiaji wa nyumbani na mfupi zaidi kwa anayefanya biashara. Wewe ni wa biashara.

Kuhusu kelele, desibeli unazoziona zikitangazwa mara nyingi zimepimwa umbali wa mita 15. Sikio lako liko chini ya mita moja kutoka kwenye injini, na hapo kubwa hufikia 100 au karibu. Taasisi ya Marekani ya usalama kazini, NIOSH, inashauri mwisho uwe desibeli 85 kwa saa 8, na kila zinapoongezeka 3 muda unapungua nusu. Ukifika 100 unabaki na dakika 15. Vifuniko vya masikio si pambo, miwani pia, na barakoa kwenye vumbi.

Za betri zimekuwa nzuri kuliko zilivyokuwa, na kuna mahali huna hiari. Washington, D.C. ilizuia bloa za petroli kuanzia Januari 1, 2022, na California imebana uuzaji wa injini ndogo mpya za petroli kuanzia 2024. Kwa kazi ya kutwa, angalia wati-saa za betri. Mota ikila wati 2,000 kwa nguvu kamili, betri ya wati-saa 1,500 inakupa dakika 45. Kazini hutaishikilia juu wakati wote, lakini bado utahitaji betri ya pili na ya tatu, na mahali pa kuchajia. Ukilinganisha bei, linganisha na hizo zote.

Kama mko wawili au zaidi, msinunue kubwa mbili zinazofanana. Nunueni moja kubwa ya maeneo ya wazi na moja ya wastani, iwe ya betri mkiweza, kwa ajili ya vitalu, mabaraza, na wateja wanaolala mchana. Zote mbili ziwe za kampuni moja ambayo spea zake mmeziona kwa macho, na mpokezane ile kubwa. Asiachiwe kijana mgeni kila siku kwa sababu ni mgeni.