Kiduara Kimoja Kilichoachwa Wazi: Kwa Wahafidhina wa Mashariki mwa Iowa

Mwaka 2020, katika iliyokuwa Wilaya ya 2 ya Kongresi hapa Iowa, Mariannette Miller-Meeks wa Republican alipata kura 196,964. Rita Hart wa Democratic alipata 196,958. Zilihesabiwa, zikarudiwa kuhesabiwa, na tofauti ikabaki kura 6. Watu sita wanaenea kwenye gari moja la familia linalotoka ibadani Jumapili.

Ramani ilichorwa upya, eneo kubwa likawa Wilaya ya 1, na mwaka 2024 mambo yakawa karibu yale yale. Miller-Meeks alimshinda Christina Bohannan kwa kura kama 800, kati ya kura zaidi ya 400,000. Lakini kwenye karatasi hiyo hiyo, Trump aliongoza wilaya hii kwa takriban pointi 8. Maana yake maelfu ya watu walijaza kiduara cha rais, wakashuka hadi mstari wa Kongresi, na hapo ama wakaruka ama wakampa mpinzani. Makala haya ni kwa ajili ya hao walioruka, hasa wale wanaozungumza Kiswahili nyumbani Iowa City, Coralville na Davenport, wenye msimamo wa kihafidhina kwa imani yao, na ambao hawakuridhika na mgombea.

Kutoridhika kwao kuna sababu. Kwenye mchujo wa Juni 2024, David Pautsch alipata karibu asilimia 44 dhidi ya mbunge aliyekuwa madarakani, na moja ya hoja kubwa ilikuwa kura ya mwaka 2022, pale Miller-Meeks alipounga mkono sheria ya kutambua ndoa za jinsia moja. Kwa mtu aliyelelewa kanisani Bukavu au Kigoma, hilo si jambo dogo, na asiambiwe asahau. Ana haki ya kukasirika. Swali ni hasira hiyo aipeleke wapi ili ifanye kazi. Mahali pake ni Juni, na kabla ya Juni. Novemba haina nafasi ya kuipokea, kwa sababu karatasi ya Novemba haiulizi kama mgombea wako amekupendeza. Inauliza kiti kiende chama gani.

Tazama kiti kinafanya nini. Baraza la Wawakilishi lina viti 435, na wingi ni 218. Uchaguzi wa 2024 ulimalizika Republican 220, Democratic 215. Chama chenye wingi ndicho kinachomchagua Spika, ndicho kinachotoa wenyeviti wa kamati zote, na wenyeviti ndio wanaoamua muswada upi usikilizwe na upi ulale kwenye droo. Mfano ulio wazi ni kifungu cha Hyde, kinachozuia fedha za serikali kuu kulipia utoaji mimba isipokuwa katika hali chache. Kipo tangu 1976, lakini si sheria ya kudumu: lazima kiandikwe upya kila mwaka ndani ya muswada wa matumizi. Mwaka 2021, Baraza likiwa mikononi mwa Democratic, muswada huo ulipitishwa humo bila Hyde. Kifungu kilirudishwa baadaye katika mazungumzo na Seneti. Kwa hiyo mbunge usiyempenda sana, siku ya kwanza ya Bunge jipya mwezi Januari anapompigia kura Spika wa chama chake, tayari amekufanyia kazi kubwa kuliko hotuba kumi za mtu unayempenda aliyeshindwa.

Hesabu yenyewe ni hii. Ukiacha kiduara wazi, mgombea wako amepungukiwa kura moja. Ukivuka kwenda upande wa pili, pengo limebadilika kwa kura mbili: yake imepotea na ya mwenzake imeongezeka. Ukiandika jina la mtu mwingine kwa mkono, matokeo ni sawa na kuacha wazi, hata kama moyoni unajisikia umesema kitu.

Waliokwisha kupita njia hiyo wapo. Kaskazini mwa New York, mwaka 2010, Doug Hoffman alishindwa mchujo wa Republican na Matt Doheny, lakini jina lake lilibaki kwenye mstari wa Chama cha Conservative. Mwezi Oktoba alijitoa na kumuunga mkono Doheny, ila karatasi zilikuwa zimekwisha kuandaliwa na jina halikuondoka. Hoffman alipata zaidi ya kura 10,000. Bill Owens wa Democratic alimshinda Doheny kwa kura kama 2,000 na kukaa na kiti hadi mwisho wa 2014. Alaska, Agosti 2022, somo lilikuwa lile lile kwa sura nyingine. Huko wapiga kura hupanga wagombea kwa namba. Nick Begich, Republican, alipotolewa, kura zake ziligawanywa: 27,053 zilikwenda kwa Sarah Palin, 15,467 kwa Mary Peltola wa Democratic, na 11,290 hazikwenda popote kwa sababu waliozipiga hawakuandika chaguo la pili. Peltola alishinda kwa kura 5,240. Miaka miwili baadaye Republican mmoja alijitoa mapema baada ya mchujo, wahafidhina wakasimama nyuma ya Begich, na kiti kikarudi.

Uaminifu wa Novemba haukufungi mdomo miezi mingine. Iowa ina nafasi ambazo watu wetu wengi hawazitumii kabisa. Mwanzoni mwa kila mwaka wenye uchaguzi mkuu, chama hufanya mikutano ya mitaa, hata kama si mwaka wa rais. Humo mwanachama yeyote aliyesajiliwa anaweza kupendekeza azimio la kuingizwa kwenye ilani, na kuchaguliwa mjumbe wa mkutano wa kaunti. Watu wakiwa wachache chumbani, kikundi cha watu wanane waliokuja na azimio limeandikwa tayari kwa sentensi mbili kina uzito usio wa kawaida. Mchujo wa Juni ni wa wanachama, lakini unaweza kubadilisha chama siku ile ile kituoni. Na mshindi akikosa asilimia 35, uamuzi unakwenda kwenye mkutano wa wajumbe. Ukitaka mbunge mwingine, anzia hapo.

Sasa karatasi yenyewe. Zamani Iowa ilikuwa na alama moja juu ya kuchagua chama kizima. Bunge la jimbo liliifuta mwaka 2017. Wapo wazee ambao bado wanafikiri wakijaza nafasi ya kwanza, chama chote kimefuata. Hakifuati. Kila kiduara kinajazwa peke yake. Mwaka 2026 hakuna rais kwenye karatasi. Juu atakuwepo seneta, kisha mbunge wa Kongresi, halafu gavana na wengine. Jaza kiduara chote kwa wino mweusi au bluu, usiweke tiki wala msalaba. Ukikosea, usifute wala usikate: irudishe karatasi kwa msimamizi upewe nyingine. Geuza upande wa pili, maana majaji mara nyingi wako nyuma.

Hakikisha pia uko wilaya gani kabla ya kumhimiza jirani. Kaunti ya Des Moines, yenye mji wa Burlington, iko Wilaya ya 1. Jiji la Des Moines liko Wilaya ya 3. Cedar Rapids ni Wilaya ya 2. Tumeona watu wakigombana wiki nzima juu ya mgombea ambaye hayupo hata kwenye karatasi ya mmoja wao.

Tarehe za mwaka huu: siku ya uchaguzi ni Jumanne, Novemba 3, 2026. Kura za mapema kwenye ofisi ya odita wa kaunti, yaani afisa anayesimamia uchaguzi katika kaunti, huanza Oktoba 14. Ombi la kura ya posta lazima lifike kwa odita kabla ya saa 11 jioni ya Oktoba 19, na hiyo pia ndiyo siku ya mwisho ya kujisajili kwa njia ya kawaida. Ukiikosa, bado unaweza kujisajili kituoni siku yenyewe ukiwa na kitambulisho na uthibitisho wa makazi, kama mkataba wa nyumba au bili ya umeme. Vituo hufunguliwa saa 1 asubuhi na kufungwa saa 2 usiku. Ukituma ujumbe kwenye kundi la WhatsApp, andika 7:00 AM na 8:00 PM kwa tarakimu, kwa sababu wengine husoma saa ya Kiswahili na wengine ya Kifaransa au Kiingereza, na mtu akichelewa kwa ajili hiyo mlango haufunguliwi tena.

Kura ya posta ndiyo inayoharibika zaidi. Bahasha ya kiapo lazima isainiwe na mpiga kura mwenyewe, ifungwe vizuri, na ifike kwa odita kabla ya saa 2 usiku ya Novemba 3. Muhuri wa posta wa siku hiyo hausaidii. Mwaka 2020, baada ya zile kura 6, upande wa Hart ulileta madai juu ya kura 22 ambazo hazikuhesabiwa, baadhi kwa kasoro za saini na za kufunga bahasha. Ishirini na mbili, na pengo ni sita. Isaini ukiwa mezani, ilambe au ibandike mara moja, usiifungue tena kuongeza kitu, na usiirekebishe kwa gundi ya karatasi. Ukiona imeharibika, piga simu kwa odita.

Kisha kuna kosa la upendo: shemasi anazunguka nyumba kwa nyumba kukusanya bahasha za akina mama ili awapelekee. Sheria ya Iowa ya 2021 imeweka mipaka mikali. Anayeruhusiwa kurudisha ni mpiga kura, mtu wa nyumba yake, au ndugu wa karibu. Kwa wenye ulemavu kuna utaratibu maalumu wa mjumbe. Shemasi awape akina mama lifti, bahasha wabaki nazo wenyewe mikononi.

Mama asiyesoma Kiingereza hahitaji kubaki nyumbani. Sheria ya haki za kupiga kura ya Marekani inamruhusu kuingia na msaidizi anayemtaka, mwanawe au jirani, mradi si mwajiri wake wala mwakilishi wa mwajiri au wa chama cha wafanyakazi. Mtajaza fomu fupi kituoni. Msaidizi asome mistari yote na ajaze alichoambiwa, si anachotaka yeye. Simu zikae mfukoni, na kofia au fulana za kampeni ziachwe kwenye gari, kwa sababu kampeni hairuhusiwi ndani ya futi 300 za kituo, yaani kama mita 90.

Jambo ambalo mhafidhina mwenzetu mzaliwa wa hapa hatalifikiria ni uraia. Oktoba 2024 jimbo lilitoa orodha ya watu 2,176 ambao kumbukumbu za leseni za udereva zilionyesha si raia. Wengi walikuwa wamekwisha kula kiapo cha uraia baada ya kuchukua leseni. Ukaguzi wa baadaye ulithibitisha watu 277 tu wasio raia kwenye daftari. Sheria ya 2025 inawaruhusu wasimamizi kuhoji uraia kituoni. Daftari safi ni jambo jema na tunaliunga mkono, kwa hiyo jiandae: peleka cheti chako cha uraia kwenye ofisi ya leseni wakasahihishe kumbukumbu sasa, si Oktoba, na siku ya kura beba pasipoti ya Marekani. Ukihojiwa, usiondoke kwa aibu. Omba kura ya muda, yaani ile inayowekwa kando hadi uthibitishe uraia wako, na usitoke bila karatasi inayoeleza uthibitisho upelekwe wapi na lini.

Mwenye kadi ya kijani asijisajili wala asipige kura, hata akishawishiwa na rafiki mwenye nia njema. Ni kosa la jinai na linaweza kumfukuzisha nchini. Anaweza kujitolea kupiga simu, kuendesha gari, hata kuchangia fedha zake halali.

Kwa wanaofanya zamu viwandani: ukikosa saa 2 mfululizo za mapumziko vituo vikiwa wazi, mwajiri anapaswa kukupa muda huo bila kukukata mshahara, ilimradi umeomba kwa maandishi kabla ya siku ya uchaguzi.

Ukienda kuzungumza na ndugu aliyevunjika moyo, usianze kumsifu mgombea. Atakufungia mlango. Mwache aseme lalamiko lake hadi mwisho, ulirudie kwa maneno yake, kisha muulize ni kamati gani anataka iongozwe na nani Januari. Chukua majina 15 ya watu unaowafahamu vizuri, usizidishe. Wapigie Oktoba 14, wapigie tena Jumamosi ya Oktoba 31, na Jumanne yenyewe kabla ya saa sita mchana wapigie wale tu ambao hawajaenda. Na wale waliosema watapiga seneta na gavana peke yake, waonyeshe sampuli ya karatasi kutoka kwa odita, uweke kidole kwenye mstari wa Kongresi.