Fundi Anajibu: Kabla Hujaweka Kiyoyozi cha Nyumba Nzima

Mwezi huu barua nyingi zimekuja na jambo moja, kiyoyozi cha nyumba nzima, yaani ile mashine moja inayopoza vyumba vyote kwa kupitisha hewa kwenye dakti, yaani mabomba makubwa ya hewa, za juu ya dari. Nimechukua maswali manne, majibu yake naamini yatawafaa na wengine.

SWALI: Fundi shikamoo. Nyumba yangu ina vyumba vinne na sebule kubwa. Wamekuja mafundi watatu, wa kwanza kasema tani 3, wa pili tani 4, wa tatu hata ndani hakuingia, kasimama mlangoni akasema mama weka tani 5 ulale usingizi. Nimsikilize nani?
Mama wa watatu

JIBU: Marahaba mama, pole kwa kuchanganywa. Usimsikilize yeyote kati yao mpaka apatikane mmoja wa kukuuliza maswali. Tani hapa sio uzito wa mashine, ni uwezo wake wa kuondoa joto ndani, tani 1 ni BTU (kipimo cha joto) 12,000 kwa saa yaani kama kilowati 3.5, na neno lenyewe limetoka enzi za barafu, ni lile joto linalotosha kuyeyusha tani nzima ya barafu kwa saa 24. Kwahiyo cha kujua kwanza ni nyumba yako inaingiza joto kiasi gani, na hilo mtu hawezi kuliona akiwa mlangoni. Anayeijua kazi anakuja na futi kamba, anapima chumba kimoja kimoja na urefu wa dari, anahesabu madirisha na kuuliza yapi yanapigwa na jua la jioni, mko watu wangapi, jiko limekaa wapi, paa ni bati au vigae na juu ya dari kumewekwa nini cha kuzuia joto. Marekani wana utaratibu kabisa wa hesabu hii unaitwa Manual J, umetolewa na chama cha makandarasi wa viyoyozi, ACCA. Hata kama fundi wako haufahamu huo, mwambie akuonyeshe hesabu yake kwenye karatasi, chumba kwa chumba.

Alafu ile tani 5 ya "ulale usingizi" ndo inanitisha kuliko zote. Watu wanadhani kubwa ndo salama. Niliwahi kuitwa kwenye nyumba moja mwenyewe analalamika anasikia baridi na bado anajisikia vibaya, nikakaa pale na saa mkononi, mashine inawaka dakika tano inazima, inakaa kidogo inawaka tena. Nikashika shuka, zina unyevu. Tukafungua kabati, mkanda wa ngozi umeota ukungu mweupe mpaka kwenye chuma cha kufungia. Mashine haikuwa mbovu hata kidogo, ilikuwa kubwa mno kwa ile nyumba. Kiyoyozi kina kazi mbili, kushusha joto na kukausha hewa, na kukausha kunataka muda, hewa ipite kwenye koili baridi, yale mabomba ya ndani yanayopoza hewa, maji yajikusanye matone matone, yatiririke mpaka yatoke nje. Ikizima mapema, maji yaliyobaki kwenye koili yanarudi hewani. Unabaki na baridi ya pangoni, na kompresa, ile pampu inayosukuma gesi ya kupozea, inachoka haraka kwa huko kuwaka na kuzima.

SWALI: Kaka habari. Nyumba yetu ni ya zamani, nafasi ya juu ya dari ni ndogo, mtu anapita kwa kutambaa. Mke wangu hataki kuona mashine ukutani kila chumba, anataka hii ya kujificha. Inawezekana?
Baba wa nyumba ya zamani

JIBU: Nzuri kaka. Kuwezekana inawezekana, ila pesa yenu itaishia au kuponea kwenye dakti, sio kwenye mashine. Energy Star, mpango wa serikali ya Marekani wa kuokoa nishati, wanasema kwenye nyumba ya kawaida asilimia 20 hadi 30 ya hewa inayopita kwenye dakti inapotea kwa matundu na maungio mabovu. Na kwenu inapotelea juu ya dari, sehemu yenye joto kuliko zote, yaani mnapoza panya. Nimeshatambaa kwenye dari kama hiyo, chumba cha mtoto kila siku kina joto na wamebadilisha thamostati, kile kidude cha ukutani cha kupima na kuweka joto, mara mbili, kumbe dakti ya kile chumba ilikuwa imechomoka kabisa, imelala pembeni inapuliza kwenye mbao, maana waliifunga kwa selotepu ya kawaida na joto likaibandua.

Kwahiyo mwambieni fundi apande juu KABLA ya kutoa bei. Dakti zipite bila kubanwa wala kukunjwa kunjwa, maungio yapakwe mastiki, ile gundi nzito ya kuziba, au yafungwe tepu maalum ya alumini, na zivikwe kitu cha kuzuia joto mwanzo mpaka mwisho. Muulizeni pia hewa itarudi vipi kwenye mashine, hili wengi wanalisahau. Chumba kinachopuliziwa hewa na mlango umefungwa lazima kiwe na njia ya kuirudisha, la sivyo hewa mpya haiingii vizuri.

Ila kaka niseme ukweli wangu. Kama usiku mnalala vyumba viwili tu na vingine viko tupu, za ukutani zitawafaa zaidi, unawasha unapolala basi. Hii ya nyumba nzima bila kugawanywa kanda zenye thamostati zake inapoza hata stoo. Mwambie shemeji taratibu, na kama nafasi ya dakti haipo kweli msilazimishe.

SWALI: Mambo fundi! Umeme wa kwetu taa zinafifia nikiwasha pasi. Je utabeba? Na nimepata mashine ya mtumba ya gesi R-22, nichukue?
Kijana anayejipanga

JIBU: Poa mdogo wangu. Kama taa zinafifia kwa pasi, muite fundi umeme kwanza kabla ya fundi kiyoyozi. Kompresa ya kawaida wakati inajiwasha inavuta umeme mara kadhaa ya ule inaotumia ikishatulia, na inataka waya wake na breka yake peke yake toka kwenye bodi, sio kuunga kwenye soketi. Za inveta zinaanza polepole na zinapunguza mwendo nyumba ikishapoa, kwa umeme dhaifu ndo nakushauri, ila waya wake bado uwe wa saizi inayotakiwa.

Hiyo ya mtumba iache. R-22 ni gesi ya kupozea inayoharibu tabaka la ozoni na nchi zinaiondoa kwa makubaliano ya Montreal ya 1987, Marekani walishaacha kuitengeneza na kuiingiza toka 2020, kwahiyo kila mwaka inakuwa ngumu kuipata. Sasa hivi utakutana na R-410A na R-32. R-32 inachangia joto la dunia kama theluthi tu ya mwenzake, ila inaweza kushika moto kidogo, hivo afunge mtu aliyejifunza. Na ukisikia "gesi imeisha, tunaongeza", jua kuna mahali inavuja, gesi haiishi kama mafuta ya gari. Itafutwe tundu kwanza.

SWALI: Shikamoo fundi. Mimi bado najenga, niko kwenye lenta. Nifanye nini sasa hivi nisije kubomoa baadae?
Mjenzi

JIBU: Marahaba, umeniuliza wakati mzuri kuliko wote. Anza na kivuli, paa litokeze vya kutosha juu ya madirisha yanayoangalia jua la jioni, na juu ya dari weka kizuia joto, hapo unaweza kujikuta unahitaji mashine ndogo zaidi. Acha nafasi ya dakti kubwa na mlango wa mtu kupanda kusafisha. Bomba la maji ya kiyoyozi liwe na mteremko kutoka ndani mpaka nje, na chini ya mashine ya darini pawe na trei yenye swichi ya kuizima maji yakijaa, maana bomba likiziba dari yako inaloa na utaona doa la kahawia kabla hujajua kosa liko wapi. Mashine ya nje isibanwe kwenye kona, inataka kupumua, na isikae chini ya dirisha la chumba cha kulala, cha kwako wala cha jirani. Thamostati iwe ukuta wa ndani, mbali na jiko na jua. Kwa sasa nitumie ramani yako iliyoandikwa vipimo na upande jua linapozama, kabla fundi paa hajaanza kazi.